Silikanti Aliyeitwa Shahidi

Mtwara, 14 Januari 2024

Mke wangu Shakila,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata kwa Mujibu, utingo wa basi la Newala, jana boti yetu ya utafiti ilipotia nanga. Nimeisoma nikakasirika, nikaiweka, nikaisoma tena nikakasirika upya. Unasema mwaka mzima umepita tangu niondoke na kwamba nimeoa bahari. Mkataba wangu unakwisha Juni, nimekueleza hilo mara ngapi? Nikirudi kabla ya hapo mjomba wako Safari ataanza tena kuniita mkwe wa kula na kulala. Kwenu mume ndiye anayehamia kwa mke, na mimi mtu wa Masasi nilihamia, nikapalilia mikorosho ya mama yako misimu minne bila kinyongo. Sasa niacheni nifanye kazi niliyoipata.

Ila nina jambo la kukusimulia, na sina mwingine wa kumsimulia. Unajua kazi yangu ni kushusha kamera baharini kwa kamba ya winchi, tunatazama chini kwenye kioo. Ijumaa tulimwona samaki anaitwa silikanti. Watu walidhani alikwisha duniani zamani za kale, kumbe yupo, huku kwetu. Mchana kutwa anakaa pangoni, kina cha kama mita mia mbili, kwenye giza na baridi, yeye na wenzake wamejazana humo na hakuna anayemgusa mwenziwe. Usiku ndipo anatoka kuwinda. Ni mkubwa, urefu wa mtu, rangi ya buluu iliyokolea na mabakamabaka meupe. Mapezi yake ni manene kama viungo, anayapeleka moja mbele moja nyuma kama anayetembea, lakini hakanyagi chini, anaelea tu. Halafu, wallahi, akasimama kwa kichwa! Mkia juu, pua karibu na mchanga, akatulia hivyo kwa muda mrefu. Daktari Cecilia, mtaalamu wetu wa samaki, anasema huenda ananusa windo lililojificha, lakini hata yeye hana uhakika.

Kilichonigusa ni hiki. Silikanti hatagi. Anazaa watoto hai kama sisi, na mimba yake wanakisia anaibeba miaka mitano. Mitano, Shakila! Nilikaa pale kwenye winchi nikaikumbuka mimba yetu iliyotoka mwezi ule kabla sijaondoka, nikasema moyoni, kwa Mungu hakuna kuchelewa.

Mumeo,
Ashraf


Newala, 3 Februari 2024

Mume wangu Ashraf,

Shikamoo. Hasira zangu bado ninazo, huku maji ya kunywa tunayapangia foleni tangu alfajiri na wewe unaniandikia kina cha bahari. Lakini leo nimeziweka kando. Kaa chini kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Nina mimba.

Najua unahesabu miezi. Na mimi nilihesabu, nikaogopa. Tumbo lilianza kunyanyuka wakati wa kuokota korosho, mwezi wa kumi na moja, nikadhani ni gesi. Sasa limejaa, gumu, nguo zangu hazinitoshi. Mama amenishika tumbo akasema ile mimba ya mwaka juzi haikutoka. Damu ilitoka, mimba yenyewe ikahamia mgongoni ikalala, na sasa imeamka. Anasema bibi yake ilimpata vilevile. Nikabisha. Ndipo ikafika barua yako. Nilimsomea ile sehemu ya miaka mitano, akapiga kigelegele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Akasema, "Umesikia mwenyewe! Samaki miaka mitano, ndiyo mtu ashindwe mwaka mmoja?"

Ashraf, miaka mitano ya ndoa wenzangu wanaitwa Mama Fulani na Mama Fulani, mimi naitwa Shakila tu, kama mtoto anayetumwa chumvi dukani. Sasa mtaa mzima unaniita Mama Kijacho. Nikiitwa naitika kwa sauti.

Kliniki bado. Mama anasema mimba iliyoamka haishikwishikwi, inaweza kurudi kulala. Lakini nimemwambia mwezi ujao nitakwenda hospitali ya Ndanda, nataka tu kujua inaendeleaje.

Andika upesi. Nataka nione umefurahi.

Mkeo,
Shakila


Mtwara, 21 Februari 2024

Shakila,

Barua yako niliifungua jikoni kwenye boti, mpishi akiwa anachungulia begani, na sasa kila mpumbavu humu ndani ananiita Baba Kijacho na kucheka.

Ni nani? Nakuuliza kwa maandishi ujibu kwa maandishi. Nimeondoka Newala mwezi Januari mwaka jana na sijakanyaga tena huko. Ni nani?

Nilikuandikia habari za samaki, sikuandika fatwa. Wewe na mama yako mmelichukua neno moja mkaliacha pango lote. Silikanti anaishi kwenye baridi, gizani, anakula kidogo, hakimbii, hafanyi haraka ya kitu chochote. Anafikisha karibu miaka mia. Jike lake linakuwa mtu mzima likiwa na umri wa bibi zetu. Kila kitu chake ni cha polepole, ndiyo maana na mimba yake ni ya polepole. Wewe ni mwanamke wa damu ya moto, unaishi juani Newala, unakula ugali wa muhogo na kisamvu. Ni lini uliota mapezi?

Nilimuuliza Daktari Cecilia, bila kutaja jina, kama mwanamke anaweza kubeba zaidi ya mwaka. Aliacha alichokuwa anafanya akanitazama. Akasema huyo mwanamke aende hospitali leo, asingoje kesho. Basi nenda! Nenda Ndanda wakupime, wakuandikie mimba ina miezi mingapi, uniletee karatasi nimwonyeshe kila mtu. Usipokwenda nitajua ni kwa nini hukwenda.

Jumapili mjomba wangu Muharami atapanda Newala kutoka Masasi kuwauliza wazee wako. Mjibuni yeye kama mnaona haya kunijibu mimi.

Ashraf


Newala, 4 Machi 2024

Ashraf,

Mjomba wako alikuja. Alivaa kanzu ya Idi kuja kunitukana. Alikalishwa, akapewa chai na mihogo ya kuchemsha, akala yote, kisha akafuta mdomo akauliza mbele ya mjomba Safari na mbele ya mama yangu tumbo hili ni la nani. Wanawake wa nyumba ya pili walikuwa wanapeta mchele, wakaacha kupeta.

Mjomba Safari hakupandisha sauti. Alisema, "Shakila, leta ile barua." Nikaileta. Ikasomwa yote, pango, giza, kusimama kwa kichwa, mimba ya miaka mitano, na ile "kwa Mungu hakuna kuchelewa" uliyoiandika kwa mkono wako.

Mjomba wako akasema, "Sisi hatukuja hapa kusikiliza samaki."

Mjomba Safari akamjibu, "Bwana Muharami, samaki huyu hatukumwita sisi. Shahidi huyu kaletwa na mpwa wako. Kama ni mwongo, basi tuanze na aliyemleta."

Watu wakacheka, na mjomba wako akaondoka bila kuaga. Hongera. Umetaka kunidhalilisha mimi, umemdhalilisha mzee wako.

Sasa nisikilize. Nilikuwa nakwenda Ndanda. Nilikuandikia kwamba nakwenda. Nauli nilishaiweka, na jirani alikubali kunisindikiza. Sasa siendi. Siwezi kupanda gari kwenda kupimwa kama ng'ombe wa mnada ili wewe uonyeshe karatasi yangu kwa wapishi wa boti. Nikienda, nitakuwa nimekubali kwamba swali lako lilikuwa swali la haki. Unasema nisipokwenda utajua ni kwa nini. Ujue basi. Siendi kwa sababu wewe ndiye uliyenituma.

Sijalala na mtu mwingine tangu unioe. Hiyo ni mara ya kwanza naiandika na ni ya mwisho.

Na simu usipige, sitapokea. Maneno ya simu kesho utayakana.

Shakila


Mtwara, 9 Machi 2024

Shakila,

Mjomba wangu amerudi Masasi na hazungumzi na mtu. Mzee wa umri ule amechekwa na wanawake wapeta mchele kwa ajili ya samaki. Hilo sitalisahau.

Na kwa kuwa kwenu samaki ndiye shahidi, nitakupa ushahidi wake wote. Juzi wavuvi wa jarife walituletea silikanti aliyenasa kwenye wavu wao wa kina kirefu. Alikuwa ameshakufa. Hawa wakitolewa kwenye baridi yao wakaletwa juu kwenye joto hawamalizi siku. Ile rangi ya buluu ilikuwa imepauka, macho yamekodoka. Nyama yake hata kuliwa hailiki, ina mafuta inaendesha tumbo. Daktari Cecilia alimpasua nikiwa nimeshika taa. Tumboni mwake mlikuwa na watoto, Shakila. Watoto kamili, wenye mapezi na mabaka yao, kila mmoja na mfuko wa kiini cha yai kifuani. Nilitoka nje nikasimama peke yangu. Ile ndiyo mimba. Ile ndiyo subira. Nilipoona kitu cha kweli namna ile ndipo nikauelewa uongo wako ulivyo mdogo.

Umekataa kupimwa. Umejibu.

Kwa barua hii nakuacha talaka moja. Nimeinuia na nimeiandika nikiwa na akili zangu. Moja tu, usishangilie. Eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue, na mpaka siku hiyo haki ya kukurejea ninayo mimi, kwa neno langu mwenyewe, utake usitake. Kwa hiyo sina haraka. Mtoto akitoka na sura yangu, nitakurejea. Akitoka na sura ya mtu mwingine, nitakupa mbili zilizobaki kwa pamoja. Mpaka hapo kaa utulie, ungoje.

Ashraf


Newala, 19 Machi 2024

Ashraf,

Imefika. Mujibu aliniletea akiwa anatazama chini, nadhani bahasha hukuifunga vizuri. Usiku wa leo ni wa tisa wa Ramadhani, na mimi nafuturu na talaka.

Kuacha umeacha, na amri yako ya kungoja nimeisikia. Nyumba hii imejengwa kwenye uwanja wa mama, kwa hiyo hakuna wa kunitoa. Nguo zako nimezipakia, azifuate yeyote utakayemtuma, asiwe mjomba wako.

Usiniulize tena habari za tumbo. Uliuliza vibaya mara ya kwanza.

Shakila


Newala, 2 Julai 2024

Kwa Ashraf, Masasi,

Sikusalimu. Mimi Safari, mjomba wa Shakila, ndiye ninayekuandikia, na sikuandikii kwa upendo.

Jumatano iliyopita Shakila alianguka kwenye foleni ya maji. Ndoo ilimwagika, akakaa katikati ya yale maji anashindwa kuinuka, anatapika. Wiki nyingi alikuwa hali kitu isipokuwa uji, na mama yake alikuwa anawaambia watu kwamba mtoto anageuka. Mimi pia nilisema hivyo hivyo, nitaulizwa na Mungu. Nilikodi gari tukamteremsha Masasi kuelekea Ndanda.

Masasi gari lilisimama kujaza mafuta. Ulikuwa umekaa barazani kwa mjomba wako, mkataba wako wa baharini umekwisha, unakunywa kahawa na unacheza bao. Nilikuona. Shakila alikuwa amelala kiti cha nyuma kichwa kwenye mapaja ya mama yake, naye alikuona kupitia dirishani. Nikamuuliza, "Nimwite?" Akasema, "Twende, mjomba." Tukaenda.

Hakuna mtoto. Hakukuwa na mtoto tangu mwanzo. Ulikuwa uvimbe, umeota kwenye mfuko wa mayai, umekua mpaka umejaza tumbo na kushika kizazi. Wameuondoa, na kizazi wamekiondoa. Daktari alisema tungemleta mwezi wa tatu wangeondoa uvimbe peke yake. Mama yake aliposikia alikaa chini palepale kwenye korido.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa wajinga, tuliamini mimba inalala mgongoni, na ujinga wetu tumeulipia. Lakini wewe ulikuwa na mtu wa kukwambia. Mtaalamu wako alikwambia huyo mwanamke aende hospitali, na ukaligeuza neno la tiba likawa tusi. Ungempa mbwa dawa namna ile angeikataa.

Yuko hai. Hilo nimekuambia kwa sababu ni haki yako kulijua, na halitaongezeka lingine.

Safari


Masasi, 9 Julai 2024

Mke wangu Shakila,

Nimekwenda Ndanda, nikaambiwa umeruhusiwa. Nimepanda Newala Ijumaa, mjomba wako alisimama mlangoni akanirudisha kama mwizi wa kuku. Sasa naandika, maana hujaacha kusoma, hilo nalijua.

Nina hasira sijui nizipeleke wapi. Nina hasira na mama yako na mimba zake za mgongoni. Nina hasira na mjomba wako, mtu mzima, alikuona unakauka mbele ya macho yake, akachekesha baraza kwa barua ya samaki kwa sababu aliona raha kumshinda mzee mwenzake. Aliniona barazani asiniite! Dakika moja tu, Shakila, ningepanda lile gari. Nina hasira na wewe pia. Nilikuandikia nenda hospitali. Liko pale, limeandikwa, lisome tena. Ungekwenda ili kunikomesha tu, ungekwenda!

Na nina hasira na mimi. Nisamehe. Usiku silali. Nikifumba macho namwona yule samaki alivyopasuliwa na mimi nimeshika taa, halafu namwona aliyelazwa pale si samaki.

Lakini bado tuko pamoja. Nilikuacha moja tu, na nilijua ninachofanya. Eda yako ilikuwa ya mimba, ya kungoja kujifungua, na hukujifungua, kwa hiyo haijafika mwisho wake. Jana baada ya Isha, mbele ya mjomba Muharami na imamu wa hapa kwetu, nimetamka kwamba nimekurejea. Wewe ni mke wangu. Watoto si kitu, nakuapia, hata wasipokuwepo. Nitahamia tena huko kwenu nianze upya na mikorosho. Jumamosi nitapanda, mwambie Safari aniachie njia. Mume hazuiwi kwa mkewe.

Mumeo,
Ashraf


Newala, 12 Julai 2024

Ashraf,

Ninaandika nimelala, kwa hiyo mwandiko utauvumilia.

Nilipofika nyumbani jambo la kwanza nililofanya ni kumwita shehe wa msikiti wetu. Mama alitoka nje, nikamweleza shehe jambo ambalo sikumwandikia mtu yeyote, si wewe wala mwingine. Damu yangu haikukata. Ilikuja mwaka wote ule, kila mwezi, kidogo, kwa siku zake. Mama alisema mimba ya mgongoni ndivyo ilivyo, mtu anaona siku zake na mtoto yumo, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka awemo. Kama ningekuandikia hilo neno moja Februari, pengine ungemwambia Daktari wako, pengine yeye angeelewa. Nilificha ili nibaki kuwa Mama Kijacho. Hiyo ni juu yangu na nimeibeba.

Shehe aliuliza damu ilikuja lini tangu talaka. Nikamwambia ya kwanza ilinikuta ndani ya Ramadhani, nikafungua. Ya pili ilikuja baada ya Idi. Ya tatu ilikuja mwishoni mwa Mei, nikatwaharika, na kupasuliwa nilipasuliwa mwishoni mwa Juni. Akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Mwanangu, hukuwa na mimba, kwa hiyo eda ya mimba haikukuhusu hata siku moja. Yako ilikuwa ya twahara tatu, za kuhesabiwa kwa damu yako, na imekwisha kabla hujaingia hospitali."

Nenda kamuulize huyo imamu wako, ila safari hii mweleze yote. Ulimrejea nani usiku ule baada ya Isha? Siku ile uliyokuwa barazani unacheza bao na mimi napita, nilikuwa nimeshatoka mikononi mwako, na hakuna kati yetu aliyejua. Uliandika kwamba huna haraka.

Unasema liko pale, limeandikwa, nenda hospitali. Nimelisoma tena kama ulivyoniambia. Kweli liko. Umeandika niende ili ujue mimba ni ya nani. Ungeandika niende kwa sababu unaniogopea, ningekwenda siku hiyohiyo, kwa miguu, nikishuka mlima na tumbo langu. Nilikuwa nasubiri neno hilo tu, na nililisubiri mpaka nilipoanguka kwenye yale maji. Nakuchukia kwa sababu hiyo, na nakuchukia zaidi kwa kuwa ulilijua. Uliililia mimba ile ya kwanza. Mtu anayejua kulia namna ile hawezi kusema hakujua kuandika.

Jumamosi usipande. Kama unataka ndoa, sheria unaijua kuliko sisi. Unaanza upya kama mgeni yeyote, unaleta posa kwa mjomba Safari na mahari nyingine, na mwanamke anaulizwa kama anakubali.

Mjomba ameshaniuliza. Nimekataa.

Shakila